Kiputo cha saa nane usiku: tone moja, ndoo moja na laptopu iliyochoka

Bomba la bafuni lilikua linavuja kama wiki mbili na hakuna aliejali. Tone moja kila sekunde, ndo! ndo! ndo!, chini ndoo ya lita 20, asubuhi tunaogea maji yale yale, maisha yanaenda. Kilichonitoa kitandani ni kitu kidogo sana: saa tatu usiku naenda kulala bomba liko kimya, yani mpaka utege sikio ndo usikie maji yanadondokea maji, ila ikifika saa nane usiku ndoo inaanza kulia tinn, tinn, tinn, kama mtu anagonga glasi na kijiko, mlango umefungwa na bado unaisikia. Tone ni lile lile, bomba lile lile, hakuna aliegusa kitu. Usiku wa tatu nikaamka na rula.

Rula ikanionesha kwamba kuna kitu kimoja tu kinachobadilika usiku kucha, umbali kutoka mdomo wa bomba mpaka uso wa maji. Saa tatu ulikua sentimita 10 na nusu hivi, sauti ilipoanza ulikua 8 na kitu. Nikakinga matone 100 kwenye kikombe nikayavuta na bomba la sindano, mililita 6 na nusu, maana yake kila tone ni kama milimita 65 za ujazo, na ukilifanya duara linakua na kipenyo cha milimita 5. Ndoo yangu ina upana wa sentimita 28 kwaiyo kwa tone moja kwa sekunde maji yanapanda karibu milimita 4 kwa saa. Jumamosi nikakataza mtu asiguse ndoo (mama watoto alinitazama tu hakusema kitu, na kimya chake nakijua), na kweli kwenye saa tano asubuhi, maji yakiwa yamebakiza kama sentimita 5 kufika bombani, ndoo ikanyamaza tena yenyewe.

Kwaiyo kisa chenyewe ni hiki: tone la milimita 5 linalia likidondoka kutoka sentimita 5 mpaka 8 na kitu, juu ya hapo halilii, chini ya hapo halilii. Je kompyuta ya mtu wa kawaida inaweza kuonesha kwanini? Nikasema ngoja tujaribu.

Kwanza tuelewane kuhusu sauti maana hapa watu wengi wanakosea, na mimi nilikosea. Sauti ya tone haitokani na tone kugonga maji. Kugonga kwenyewe kuna kasauti kadogo sana. Mwaka 2018 timu ya Anurag Agarwal pale Cambridge, Uingereza, iliweka kamera ya spidi kubwa, maikrofoni hewani na nyingine ndani ya maji, wakapima tone la bomba kama hili langu. Wakaona kinachopiga kelele ni kiputo kidogo cha hewa kinachonaswa chini ya uso wa maji baada ya tone kuingia. Kiputo kinatanuka na kubanana haraka haraka, kinausukuma uso wa maji uliopo juu yake kama pistoni, na uso huo ndo unaitikisa hewa tunayoisikia. Hakuna kiputo, hakuna tinn.

Na kiputo chenyewe kinanaswaje? Hapa pana utamu. Tone likiingia linachimba shimo kwenye maji, kama bakuli. Maji hayana haraka ya kulifunga shimo, ila mvutano wa uso (ile nguvu inayofanya maji yavimbe juu ya mdomo wa glasi bila kumwagika) unatuma mawimbi madogo madogo yateremke kwenye kuta za shimo kutoka ukingoni mpaka chini. Wakati huo huo shimo lenyewe limefika mwisho wa kina chake na linaanza kujifunga. Wimbi likiwahi kufika chini wakati sakafu ya shimo bado inashuka au ndo kwanza inasimama, kuta zinakutana juu ya sakafu na kile kipande cha hewa kinabaki chini, kimekatwa. Likichelewa, sakafu inakua imeshaanza kupanda, shimo linajifunga bila kuacha kitu. Ni mbio za wakati tu, wimbi linakimbizana na sakafu. Mbio zote hizi zinaisha kabla hujapepesa jicho.

Sasa kuiga.

Jaribio langu la kwanza naona aibu kulisema ila nitalisema. Nilichukua programu ya kutengeneza katuni za 3D, ile sehemu yake ya vimiminika, nikaweka tufe juu ya beseni, nikabonyeza, baada ya dakika kadhaa nikapata video nzuri mno. Taji la maji limesimama, matone madogo yanaruka pembeni, mwanga unacheza, nikaituma kwa jamaa zangu wakasema mzee umetisha. Alafu nikakaa nikafikiri: tone linalodondoka sentimita 7 linafika na kasi ya mita 1.17 kwa sekunde, kwa kasi hiyo kwenye ndoo yenye maji marefu hakuna taji la hivo, nenda kaangalie ndoo yako, unapata kidonda kidogo, ukingo unainuka kidogo, afu kijiti cha maji kinachomoza katikati. Ile programu ilinipa picha ya tone jinsi watu wanavolijua kutoka kwenye matangazo ya maziwa, haikunipa tone langu. Mvutano wa uso ndani yake ulikua wa kubahatisha na hewa haikuwepo kabisa. Utanasaje kiputo cha hewa kwenye dunia isiyo na hewa?

Na sio mimi wa kwanza kupita njia hiyo, japo wenzangu walikua na sababu. Mwaka 1967 Francis Harlow na John Shannon wa maabara ya Los Alamos, Marekani, walitoa hesabu ya kwanza ya kompyuta ya tone kuingia kwenye kimiminika, na wao waliacha mvutano wa uso nje pamoja na mnato (ule ugumu wa kimiminika kutiririka). Walitaka kuona mwanzo wa mrusho wa matone makubwa ya kasi, na kwa hilo inatosha. Kwa kiputo haitoshi hata robo. Ilibidi ifike 1990 ndo watafiti Hasan Oguz na Andrea Prosperetti wakahesabu kiputo kinavonaswa, na ujanja wao ulikua kuhesabu mwendo wa uso wa maji peke yake badala ya maji yote. Mwaka huo huo watafiti wengine, Pumphrey na Elmore, wakachora ramani ya tone lipi linanasa kiputo na lipi halinasi, kutokana na majaribio ya maabara, nitairudia hiyo ramani muda si mrefu maana ndo iliyoniokoa.

Jaribio la pili nikaenda kwa Basilisk, programu ya bure ya Stéphane Popinet wa Ufaransa, inatumiwa sana na watu wa matone na mawimbi. Unaandika mistari kama mia hivi inayofanana na lugha ya C. Unamwambia maji yana uzito wa kilo 998 kwa mita ya ujazo, hewa kilo 1.2, mvutano wa uso 0.072, mnato wa maji 0.001, nguvu ya uvutano 9.81, tone lianzie hapa, kasi yake hii, nenda. Yenyewe inakata eneo lote kwenye visanduku vidogo, ndo gridi hiyo, na kila kisanduku kinabeba namba kati ya 0 na 1, sifuri ni hewa tupu, moja ni maji matupu, nusu ni kwamba mpaka unapita humo. Kwakua tone linadondoka wima sihitaji 3D nzima, nachukua kipande kimoja kama kipande cha keki na kuchukulia kila upande unafanana. Hii ni nafuu kubwa mno, gridi ya visanduku 2048 kwa 2048 ni kama milioni 4, ukiiweka 3D inakua zaidi ya bilioni 8 na hapo laptopu yangu inaomba ruhusa ya kustaafu.

Tone sikulianzishia bombani. Kulidondosha sentimita 7 ndani ya kompyuta ni kupoteza masaa kwa kitu ambacho hesabu ya sekondari inakijua, unaliweka milimita moja juu ya maji na unalipa kasi yake mkononi. Eneo lote nililipa sentimita 5 kwa 5.

Raundi ya kwanza kisanduku kimoja kilikua kama mikroni 98 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Ikaenda vizuri, shimo likachimbika, likafunga, kijiti kikachomoza. Kiputo hakuna. Nikafurahi kidogo maana nilidhani nimegundua kitu, kumbe nimegundua umasikini wa gridi. Mawimbi yanayoteremka kwenye ukuta wa shimo ni membamba, ukiwapa visanduku vichache wanakufa njiani, na wimbi lililokufa njiani halishindi mbio. Nikagawa kisanduku nusu, mikroni 49, kiputo kikatokea. Nikagawa tena, mikroni 24, kikabaki ila ukubwa wake ukabadilika. Nikagawa tena, mikroni 12, safari hii tofauti ikawa ndogo. Apo ndo nikapumua.

Ila kugawa huko sio bure jamani. Mvutano wa uso una sheria yake kali, hatua ya muda lazima iwe fupi kuliko muda wa wimbi dogo kabisa kuvuka kisanduku, na sheria hiyo inaenda na ukubwa wa kisanduku kwa kipeo cha moja na nusu. Kwa mikroni 49 hatua ni kama mikrosekunde 16 (mikrosekunde milioni moja ni sekunde moja), kwa 24 inashuka kwenye 6 kasoro, kwa 12 ni 2 tu. Kwaiyo ukigawa kisanduku nusu, visanduku vinakua mara 4 na hatua mara 2.8, kazi inakua mara 11. Raundi ya saa moja inageuka kuwa karibu kutwa nzima. Basilisk inapunguza makali kwa kuweka visanduku vidogo pale tu penye mpaka na msukosuko, kwengine inaacha vikubwa, bila hivo nisingemaliza. Umeme ulikatika mara mbili, ya kwanza sikua nimeweka kumbukumbu ya katikati nikaanza upya kutoka sifuri, ya pili nilikua nimeshapata akili.

Kuna kitu kingine kinachodanganya na hakipigi kelele kinapokudanganya. Kabla tone halijagusa maji kuna utando mwembamba sana wa hewa katikati yao. Kwenye dunia halisi utando huo unakua mwembamba kuliko kisanduku chochote nitakachoweza kulipia, afu ndo unapasuka. Kwenye kompyuta, nyuso mbili zikiingia kisanduku kimoja zinaungana hapo hapo, hakuna aliewauliza. Yani wakati wa kuungana unaamuliwa na gridi, fizikia haijaulizwa. Kwa hiyo vile viputo viduchu vinavyobaki pale mwanzoni kabisa mimi sivihesabu, nimevifumbia macho kwa makusudi. Kiputo changu kikubwa kinazaliwa baadae sana chini ya shimo, kinakatwa na mawimbi makubwa kuliko gridi, ndo maana nakiamini.

Nilipokua na gridi ya mikroni 24 nikapanga urefu tofauti: sentimita 4, 6, 7, 8, 10 na 12. Na hapa ndo narudi kwenye ile ramani ya 1990. Ramani ina namba mbili. Namba ya Weber inapima nguvu ya mwendo wa tone dhidi ya mvutano wa uso: uzito wa maji mara kasi mara kasi mara kipenyo, gawa kwa mvutano. Namba ya Froude inapima mwendo dhidi ya uvutano: kasi mara kasi, gawa kwa uvutano mara kipenyo. Kwa tone linalodondoka bila kusukumwa, Froude inageuka kuwa kitu rahisi mpaka raha, ni urefu wa kudondoka mara mbili gawa kwa kipenyo, yani rula tu inatosha. Ukanda wa kiputo cha uhakika upo kati ya mistari miwili, wa chini ni Weber sawa na 41.3 mara Froude kwa kipeo cha 0.179, wa juu 48.3 mara Froude kwa kipeo cha 0.247. Nikaingiza tone langu la milimita 5, nikatafuta linaingia wapi na linatoka wapi.

Sentimita 5.2 mpaka 8.5.

Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimejidanganya. Ndoo ya plastiki ya bafuni na bomba linalovuja vimekaa kwenye mistari iliyochorwa maabara miaka ya nyuma huko. Na laptopu nayo ikakubali, sentimita 6, 7 na 8 inaacha kiputo, 4 shimo ni fupi mno, 10 na 12 shimo linajifunga na kijiti kinachomoza kinene, hakuna kilichonaswa. Ukitaka kujaribu kwako kumbuka tone dogo linahama ukanda, la milimita 3 linalia kati ya sentimita 11 na 20 hivi. Na tone la mvua la milimita moja likishuka kwa kasi yake ya kawaida ya mita 4 kwa sekunde linaingia ukandani moja kwa moja bila bomba, ndo maana manyunyu yanapiga kelele sana chini ya bahari, kwenye kilohezi 14 mpaka 15, yani mitikisiko elfu 14 mpaka 15 kwa sekunde.

Sasa uliza swali la kijinga: kwani laptopu ilitoa sauti? Haikutoa. Haiwezi. Programu niliyotumia inachukulia maji na hewa havibanani, na kiputo kisichoweza kubanana hakiwezi kulia, kimekaa tu kama shanga. Ukitaka kilie kweli lazima uhesabu mgandamizo, na sauti kwenye maji inakimbia karibu mita 1480 kwa sekunde, kwenye kisanduku cha mikroni 24 hatua ya muda inashuka kutoka mikrosekunde 6 kwenda sehemu 16 kati ya elfu za mikrosekunde moja. Zaidi ya mara 300. Hapana, asante. Njia ya mkato ni ya mtafiti Minnaert, 1933: mlio wa kiputo kwa hezi mara nusu kipenyo chake kwa mita ni karibu 3.26. Simu yangu iliyowekwa pembeni ya ndoo ilionesha kilele kwenye kilohezi 6 hivi, maana yake kiputo cha zaidi kidogo ya milimita moja upana. Cha kwenye gridi kilikua cha daraja hilo hilo, sio sawa sawa, ila ni ndugu.

Tatizo likabaki moja na ndo linaloniuma mpaka leo. Ile Jumamosi nilivokua nimekaa na ndoo, kuna kipindi katikati ya ukanda sauti ilififia, ikawa inalia tone moja inaruka matatu, baadae ikarudi kamili. Simulesheni haina kitu kama hicho, yenyewe 6, 7, 8 zote zinalia. Nikalaumu upepo, nikalaumu feni, nikalaumu watoto kukimbia koridoni. Kumbe kosa ni langu, nilichora tone duara. Tone likikatika bombani linakua na mkia, mkia unarudi ndani na tone linaanza kutikisika, linarefuka linabonyea linarefuka. La milimita 5 linatikisika kama mara 30 kwa sekunde, na mnato wa maji ni mdogo mno kuliwahi, ungehitaji zaidi ya sekunde nzima kulituliza wakati kudondoka sentimita 7 ni sekunde 0.12 tu. Maana yake linafika majini likiwa refu au bapa kutegemea umbali, na kutoka refu mpaka bapa ni tofauti ya sentimita 2 tu ya urefu. Nikalibonyeza tone kwenye kompyuta kidogo tu, asilimia kumi, kwa urefu ule ule wa sentimita 7: duara linaacha kiputo, bapa haliachi. Shimo la bapa ni pana na fupi, mbio zinaharibika.

Na sabuni. Timu ya Cambridge waliona ukiweka sabuni ya vyombo kwenye maji sauti inakatika, nikajaribu kwenye ndoo, kweli, tone moja la sabuni na bafuni kimya. Nikaenda kwenye laptopu nikashusha mvutano kutoka 0.072 mpaka 0.03, kiputo kikapotea, nikataka kushangilia. Afu nikajizuia. Mimi nilishusha mvutano kila mahali ikiwemo kwenye tone, wakati bafuni tone linatoka bombani likiwa safi, sabuni iko chini tu, na likigusa linaitawanya, kwaiyo sehemu moja ya uso inavuta kuliko nyingine na maji yanakimbilia huko. Hesabu yangu haina hata chembe ya jambo hilo. Jibu limefanana, njia sio. Hiyo raundi nimeifuta kwenye grafu zangu japo ilikua inapendeza kuliko zote.

Wakati napanga raundi ya matone marefu, usiku mmoja nikaamka saa nane nikakuta kimya. Nikakimbilia bafuni. Mama watoto alikua amefunga kitambaa kwenye mdomo wa bomba, kimening'inia mpaka ndani ya ndoo, maji yanateremka humo taratibu, chururu, hakuna tone wala shimo wala kiputo. Nikamuuliza lini, akasema tangu juzi, na fundi anakuja kesho na washa mpya ya bomba, kwaiyo kama kuna kitu nataka kupima nipime usiku huu.

Nikakitoa kitambaa nikakaa na rula mpaka asubuhi.